Nani Alisema Hakuna la Kufanya?

Wasee, leo hakuna siasa, hakuna mpira, hakuna drama ya mastaa. Leo ni stori ya kiharusi. Najua kidole chako tayari kimeanza kusogea kutafuta video ingine, lakini nipe dakika kumi tu.

Kwanza nijitetee. Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata hapo nilikuwa nasoma mambo ya biashara. Lakini kuna maneno nimeyasikia kwenye matanga, kwenye matatu, mpaka kando ya kitanda cha mgonjwa: "Huyo ashapigwa na stroki, hakuna la kufanya, tumwachie Mungu." Yanasemwa kwa upole, na msemaji kawaida ni mtu anayempenda mgonjwa. Nikaanza kujiuliza yametoka wapi. Nikasoma miezi kadhaa. Nilichokuta ni kwamba hayo maneno yana zaidi ya miaka 2,000, na kila kipande chake kimevunjwa na mtu fulani, mahali fulani, mwaka unaojulikana. Sisi ndio bado tunatembea nayo.

Tuanze na jina lenyewe. Wagiriki wa kale waliita apoplexia, yaani kupigwa ghafla ukaanguka chini. Waingereza wakaita stroke, pigo, na hapo zamani walimaanisha kabisa pigo la mkono wa Mungu. Sisi tuna kiharusi, na ukiuliza wazee kadhaa wa Pwani watakuambia ni upepo mbaya, jini amempitia mtu. Ona vile majina yote yanafanana: kuna mtu au kitu kutoka nje kimekuja kukupiga. Na kama aliyepiga ni Mungu au jini, wewe utaanzia wapi kutibu?

Usicheke wazee. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kazi waliyofanya Tanzania katika sehemu mbili: Dar es Salaam, na wilaya ya Hai kule chini ya Kilimanjaro. Nani alisema ni majini na uchawi? Watu wa Dar! Watu wa Hai, mashambani, wakasema ni presha, mafuta, mawazo mengi. Na imani haikubaki kwa mdomo. Hai mgonjwa alipelekwa hospitali kwanza, Dar akapelekwa kwa mganga kwanza. Kwa hivyo wewe wa Nairobi unayedhani ujinga uko kijijini, tulia kidogo.

Hata madaktari wenyewe walikuwa wamekata tamaa mapema. Maandishi ya Hippocrates, kama miaka 400 hivi kabla ya Kristo, yanafundisha kwamba pigo kali halitibiki, na hata lile dogo si rahisi. Fundisho hilo lilirudiwa karne baada ya karne. Ilibidi mtu afungue vichwa aangalie. Huyo alikuwa Johann Jakob Wepfer, daktari wa mji wa Schaffhausen, Uswisi, aliyepata ruhusa ya kupasua maiti za wagonjwa wa hospitali. Mwaka 1658 alichapisha kitabu akieleza alichoona: damu imemwagika ndani ya ubongo. Akasema pia kwamba mishipa inayopeleka damu kichwani ikizibwa, matokeo yanaweza kuwa yale yale. Hakuna jini. Ni mabomba, buda. Bomba limepasuka au bomba limeziba. Aina zote mbili za kiharusi tunazozijua leo zilikuwa zimeonekana tayari.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba historia ya ubongo ni ya wazungu tu, twende Kisii. Wagusii walikuwa na wataalamu wao wa kichwa, omobari mmoja, ababari wengi. Mtu akipigwa rungu au akianguka, halafu kichwa kikamuuma miezi na miezi, omobari alipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu taratibu mpaka akaondoa kipande, bila kugusa ubongo. Si hadithi ya mababu wa kale sana. Madaktari wa hospitali walikutana na watu waliofanyiwa hivyo na kuandika juu yao miaka ya 1960 na tena 1985. Wengi walipona, wengine walirudi kufanyiwa mara ya pili. Sisemi uende ukwanguliwe. Nasema tu kwamba mbele ya kichwa kilichoumia, kuna watu hapa kwetu ambao hawakukaa wakikunja mikono.

Huko Ulaya maarifa yaliongezeka, tiba ikabaki pale pale. Mfano ninaoupenda ni wa Louis Victor Leborgne. Jamaa alikaa hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, miaka 21. Alielewa unachomwambia, lakini kila akifungua mdomo ilitoka silabi moja: tan. Umuulize jina, tan tan. Watu wakampa jina hilo, Tan. Mwaka 1861 alifariki, na daktari Paul Broca akafungua ubongo wake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Hapo ndipo dunia ilianza kukubali kwamba maneno yana makao yake kichwani. Broca akawa maarufu, sehemu ile ya ubongo ikaitwa kwa jina lake. Tan alipata nini? Ubongo wake umehifadhiwa Paris mpaka leo. Miaka 21 ya tan tan na hakuna aliyejua cha kumfanyia.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa noma, kwa sababu inafika kwa watu ambao walikuwa na kila kitu.

Tarehe 12 Aprili 1945, Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikuwa ameketi anachorwa picha huko Warm Springs, Georgia. Akasema kichwa kinamuuma vibaya sana upande wa nyuma. Akazimia. Akafa siku hiyo hiyo, na miaka 63. Daktari wake wa moyo alipima presha akapata kama 300 kwa 190. Ile ya kawaida ni karibu 120 kwa 80, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Na haikupanda ghafla siku hiyo. Miezi miwili kabla, kwenye mkutano wa Yalta, ilikuwa imefika 260 kwa 150. Walijua. Walimpunguzia chumvi, wakamwambia apumzike, wakampa dawa za moyo. Dawa ya kushusha presha vizuri haikuwepo, na madaktari wengi wa wakati ule hata waliamini kwamba presha ya juu ni kawaida ya uzee, kwamba mwili unaihitaji ili kusukuma damu. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani alikufa kwa kitu ambacho shosho yako anaweza kumeza kidonge cha asubuhi kukizuia.

Miaka minane baadaye ikawa zamu ya Stalin. Yeye hakukosa daktari kwa sababu sayansi ilikuwa changa tu. Tarehe 1 Machi 1953 hakutoka chumbani kwake. Walinzi walikuwa nje wakiangaliana. Hakuna aliyethubutu kufungua mlango bila kuitwa, maana ukimkasirisha Stalin unapotea wewe na familia. Saa zikapita. Usiku ndipo mmoja akaingia, akamkuta sakafuni, hawezi kuongea. Hata hapo wakubwa walioitwa walisitasita, madaktari wakafika asubuhi ya tarehe 2. Na baadhi ya madaktari bora wa Moscow walikuwa jela, kwa sababu Januari serikali yake yenyewe iliwashtaki kwamba wanapanga kuua viongozi. Alikufa tarehe 5. Sidhani tiba ya 1953 ingemwokoa, damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo. Lakini ile picha ya watu wazima wamesimama nje ya mlango wakingoja ruhusa ya kuokoa mtu, hiyo hainitoki. Nimeiona kwetu, bila walinzi.

Jibu la kifo cha Roosevelt lilikuja 1967. Daktari Edward Freis na wenzake, katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, walichukua wanaume 143 wenye presha ya juu sana. Karibu nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu, na mgonjwa hakujua amepewa kipi. Kwenye kundi lisilo na dawa, watu 27 walipatwa na mambo mazito: kiharusi, moyo, figo. Kwenye kundi la dawa, wawili. Soma tena hizo namba: 27 kwa 2. Kama ingekuwa mpira ligi ingefungwa.

Lakini hiyo ni kuzuia. Je, likishatokea? Hapo kulikuwa na shida ambayo hata daktari mkali angekwama nayo. Kumbuka mabomba ya Wepfer. Mgonjwa ambaye donge la damu limeziba mshipa wake na mgonjwa ambaye mshipa umepasuka, kwa nje wanafanana. Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanatoka kama ya mlevi. Ila tiba zao ni kinyume kabisa. Yule wa kwanza anahitaji donge liyeyuke. Ukimpa yule wa pili dawa hiyo hiyo, umemmaliza. Ulihitaji kuona ndani ya fuvu la mtu aliye hai, na eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa tu.

Aliyefungua hiyo njia ni Godfrey Hounsfield, injinia wa EMI, kampuni ile ile iliyouza rekodi za Beatles. (Watu mtandaoni hupenda kusema pesa ya Beatles ndiyo ilijenga mashine. Inapendeza, lakini serikali ya Uingereza nayo ilitia pesa nyingi.) Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani akawa mtu wa kwanza kupigwa picha ya CT. Hounsfield hakuwa na digrii ya chuo kikuu, alikuwa na diploma ya umeme, na mwaka 1979 akapewa tuzo ya Nobel. Mathe, kama unasoma hii, nimeandika tu. Aligawana tuzo hiyo na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kupiga hesabu za jambo hilo akiwa Cape Town miaka ya 1950, wakati hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Sasa daktari anaona. Damu mbichi kwenye CT inang'aa nyeupe. Lakini bado ilichukua zaidi ya miaka 20 kupata cha kufanya na hicho alichokiona.

Desemba 1995 ndipo sentensi yetu ilipovunjika hadharani. Utafiti wa Marekani ulikuwa umechukua watu 624 wenye donge kwenye ubongo, wote wakiwa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Nusu walipewa dawa inayoitwa tPA, ambayo tayari ilikuwa inatumika kwa moyo. Baada ya miezi mitatu, waliopewa dawa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, wa kuwa bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana. Haikuwa zawadi ya bure. Asilimia 6.4 walivuja damu vibaya kichwani, wakati kwa wasiopewa ilikuwa 0.6. Madaktari wengi waligombana juu ya hiyo namba kwa miaka. Marekani ikaidhinisha dawa 1996, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza muda mpaka saa nne na nusu.

Kwa nini saa, saa, saa? Fikiria maji yakikatwa Umoja. Nyumba zisizo na tangi zinakauka pale pale. Zenye tangi zinahimili mpaka jioni, halafu nazo zinaisha. Ubongo uko hivyo. Mshipa ukizibwa, katikati seli zinakufa haraka. Lakini pembeni kuna eneo ambalo linapata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Limezimia, halijafa. Mkono haufanyi kazi, ila seli za mkono bado ziko hai zinangoja. Ukifungua bomba mapema, zinaamka. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver alipiga hesabu akapata kwamba mgonjwa wa kawaida wa donge kubwa anapoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika! Hii post peke yake, ukiisoma polepole, ni seli karibu milioni 19.

Mjomba wangu aliamka saa kumi na moja alfajiri mdomo umepinda. Mimi nilikuwa bodi wakati huo, nilikuja kusikia baadaye. Walimpaka mafuta, wakamwita mchungaji, wakangoja mwenye gari atoke kanisani. Alifika hospitali saa nane mchana. Huko napo aliketi kwenye benchi mpaka jioni. Silaumu watu, kila mmoja alifanya alichojua. Lakini alikuwa fundi wa redio na televisheni, mtu wa vidole, na sasa mkono wa kulia unakaa mapajani kama umeazimwa.

Kwa hivyo jifunze hii, haigharimu kitu. Mwambie mtu atabasamu: uso uko sawa pande zote? Mwambie ainue mikono miwili: mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi moja: maneno yanaeleweka? Kimoja kikienda mrama, angalia saa na uondoke, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni mara ya mwisho alionekana yuko sawa ni saa ngapi. Usimpe chakula, anaweza kukabwa. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, hujui ni bomba gani.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Kuna madonge makubwa ambayo tPA haiyawezi, kwa hivyo madaktari wakaanza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja, ukapanda mpaka kichwani, ukalivuta donge nje. Mwanzo haikuenda fiti. Mwaka 2013 tafiti tatu zilitoka na zote zikasema haisaidii. Mtu mwingine angefunga duka. Waholanzi wakaendelea, na vifaa bora na wagonjwa waliochaguliwa kwa picha nzuri, watu 500 katika hospitali 16, na mwanzoni mwa 2015 matokeo yao yakachapishwa: waliovutwa donge, karibu asilimia 33 waliweza kujitegemea tena, wengine asilimia 19. Ndani ya miezi tafiti nyingine zikasema vivyo hivyo. Mwaka 2018 ikaja ile ya DAWN, ya watu waliochelewa saa 6 mpaka 24 lakini picha zao zilionyesha bado kuna ubongo wa kuokoa. Waliovutwa, asilimia 49 walijitegemea. Wasiovutwa, 13. Hata aliyeamka nayo asubuhi, kama mjomba, si lazima aambiwe amechelewa. Anahitaji picha kwanza.

Najua unataka kuniuliza: hapa Kenya? Hospitali zinazovuta donge ni za kuhesabu, ziko miji mikubwa, na bei inaweza kuuza shamba. Hiyo ni siasa, na nilisema leo hakuna siasa, kwa hivyo nitanyamaza kwa shida.

Twende kwa wale ambao saa zao zilishapita. Kwao sentensi ilikuwa na toleo lake: baada ya miezi kadhaa, ulichorudisha ndicho hicho, zoea. Ilikuwa na mzizi wa heshima. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyechora seli za neva vizuri kuliko binadamu yeyote, alifundisha kwamba kwa mtu mzima njia za neva zimekwisha, hazibadiliki. Akiongea Cajal, wewe unabishana ukiwa nani?

Aliyebishana ni mwanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Pedro Bach-y-Rita, mshairi na mwalimu wa chuo kule New York, alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 65. Upande mmoja ulipooza, kuongea kukaisha. Mwanawe George alikuwa anasomea udaktari Mexico, akamchukua nyumbani kwake. George hakujua kufundisha mtu kutembea, kwa hivyo akaamua baba aanze vile watoto huanza. Atambae. Majirani walikasirika kuona profesa mzima anatambaa nje. Wakacheza gololi sakafuni ili mkono mbovu uokote. Akaosha sufuria kwa mkono huo huo. Miezi, halafu zaidi ya mwaka. Mzee alirudi kufundisha. Alikuja kufa miaka kadhaa baadaye, akiwa anapanda mlima Colombia! Ubongo wake ulipopimwa, lile eneo lililoharibika bado lilikuwa limeharibika, kubwa vile vile. Hakupona kwa kidonda kufunga. Alitumia njia nyingine. Mwanawe wa pili, Paul, alikuwa daktari, na jambo hilo likamgeuza kuwa mmoja wa wale waliopigania wazo kwamba ubongo wa mtu mzima hujipanga upya.

Kisha Edward Taub. Huyu ana historia chafu kidogo, kwa sababu mwaka 1981 polisi walivamia maabara yake Silver Spring, Marekani, kwa kesi ya kutesa nyani, na kesi hiyo ndiyo ilikuza lile shirika la wanyama la PETA. Lakini alichoona kwa nyani kilikuwa muhimu: mnyama ambaye mkono wake umekatwa hisia huacha kuutumia kabisa, kwa sababu alijaribu mara kadhaa ukamwangusha. Ukifunga ule mkono mzima, anarudi kutumia ule mwingine. Taub akapeleka wazo hilo kwa watu. Mgonjwa anavaa glavu nene kwenye mkono mzima, halafu kwa wiki mbili anafanyishwa kazi saa nyingi kwa ule dhaifu. Mwaka 2006 utafiti wa wagonjwa 222, waliopigwa miezi mitatu mpaka tisa nyuma, ulionyesha kwamba mkono unarudi vizuri zaidi, na faida bado ipo mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, kinachogusa neva ya shingoni kwa umeme mdogo kila mgonjwa anapofanya zoezi. Wagonjwa wa utafiti huo walikuwa na miezi tisa mpaka miaka kumi tangu wapigwe. Miaka kumi, msee.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kinachofanywa kinasaidia. "Fanya chochote" nayo ni hatari. Kwa zaidi ya miaka 30 watu walioumia kichwani kwenye ajali walipewa dawa za steroidi, ili uvimbe ushuke. Ilionekana ni akili ya kawaida. Mwishowe kundi moja kutoka Uingereza likaamua kupima kabisa, hospitali 239 katika nchi 49, wagonjwa 10,008. Mwaka 2004 wakasimamisha utafiti kabla ya kumaliza, kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa zaidi: asilimia 21 dhidi ya 18, ndani ya wiki mbili. Miaka yote hiyo, dunia nzima, kwa nia njema.

Watu hao hao hawakuacha. Mwaka 2019 walitoa utafiti wa dawa ingine, tranexamic acid, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke haraka. Kwa wenye majeraha ya kichwa madogo na ya wastani, ikitolewa ndani ya saa tatu, ilipunguza vifo. Hiyo dawa iligunduliwa na Utako Okamoto na mumewe Shosuke huko Japani, ikatangazwa 1962. Utako alikuwa akifanya kazi maabara na binti yake amembeba mgongoni, hawakuwa na pesa ya kumlipia mahali pa kukaa. Ni dawa ya bei nafuu. Fikiria hilo Ijumaa usiku kwenye wodi ya majeruhi wa boda boda, halafu uvae helmeti. Ile ya abiria, ndiyo, hata kama inanuka.

Na kitu kipya kabisa ninachotaka ukijue hakina mrija wala umeme. Kilifanywa China mashambani, kikachapishwa 2025. Vijiji 326, karibu watu 34,000 wenye miaka 40 kwenda juu na presha ya juu. Kwenye nusu ya vijiji, wahudumu wa kijiji, ambao si madaktari wa chuo kikuu, walipewa kazi ya kupima presha ya watu, kuwapa dawa kwa utaratibu uliopangwa na kuwafuatilia mpaka ishuke kabisa. Baada ya miaka minne, kwenye vijiji hivyo ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu ulikuwa umepungua kwa asilimia 15. Ile kusahausahau ambayo tunasema ni uzee tu, sehemu yake ilikuwa presha inakwangua mishipa midogo ya ubongo kimyakimya.

Hapa kwetu, utafiti wa STEPwise wa 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mfuko wake, na ndani ya huo mfuko kuna mashine ya presha. Kwenye ploti yetu anayekuja ni mama mmoja mwenye duka la nyanya. Jumapili iliyopita nilimwomba apime wote tuliokuwa kwenye ngazi. Guka wa nyumba namba nne, anayetembea kila asubuhi na kuringa kwamba hajawahi kumeza dawa, alipata 178 kwa 104. Alikataa, akasema mashine imeharibika, wakarudia mara mbili. Jumatatu akaenda kliniki akiwa amevaa koti la harusi.

Wiki ijayo nataka kuandika juu ya majina tu. Niambieni hapo chini: kwenu, kwa lugha ya nyumbani, kiharusi kinaitwaje, na hilo neno linasema nani ndiye aliyepiga?